Kocha Aliyesimama Ndani ya Maji

Kocha alikuwa na suruali mbili za kazi, ya kijivu na ya kahawia, na zote mbili zilikuwa na alama mahali pamoja: mstari wa maji, vidole vinne chini ya mkanda. Mke wake alizifua Jumamosi na kuzipiga pasi Jumapili baada ya misa, na Jumatatu asubuhi Kocha aliingia nazo ziwani hivyo hivyo, zimenyooka mbele na nyuma. Sikuwahi kumwona akikunja miguu ya suruali. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Uko kazini, unavaa ya kazi," akaingia majini.

Nimeanza na suruali kwa sababu juma alilofariki watu waliandika mambo makubwa kwenye simu zao: shujaa wa ziwa, baba wa mchezo. Mimi mambo hayo siyajui. Niliishia mwaka wa nne wa sekondari, na kazi yangu ni kuuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu, pale ufukweni Kituku, Goma. Ninachojua ni kile nilichoona, na kwa miaka mingi nilimwona kila siku isipokuwa Jumapili. Mengine katika haya yananisema mimi vibaya. Nitayaandika pia.

Mchezo aliotufundisha, sisi vijana sita, ni wa mitumbwi ya mbio. Mtu ni mmoja, goti moja chini, mguu wa pili mbele, na kafi unalipiga upande mmoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mita mia mbili. Mtumbwi wenyewe ni mrefu na mwembamba, ukikohoa ndani yake unayumba. Kituku tulikuwa nao mmoja tu, si wa mbao, uliachwa na mgeni aliyefanya kazi Goma miaka michache kisha akarudi kwao. Wavuvi waliuita Sindano, na walimsumbua Kocha kila walipotia nanga.

"Kocha, hii mutumbwi inabeba nini?"

"Inabeba mutu moja."

"Na samaki?"

"Hakuna samaki."

"Sasa munaenda kutafuta nini kule?"

"Mètres mia mbili."

"Na mukizipata?"

"Tunarudi kutafuta zingine."

Walicheka mpaka wakashika magoti. Yeye hakucheka. Alikuwa fundi wa mitumbwi, ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mkate. Wavuvi hao hao walimletea mitumbwi yao iliyovuja, na aliiziba nyufa kwa pamba na lami huku bado wanamtania. Hakuna aliyeipeleka kwa fundi mwingine.

Ufuko wa Goma si wa mchanga. Ni mawe meusi ya volkano, makali, yanayoingia majini bila kukuonya. Kwa mtumbwi wa mbao jiwe ni mkwaruzo. Kwa Sindano lilikuwa tundu, na kila tundu Kocha alilitibu kwa siku tatu, nasi siku hizo tatu tulikaa bure. Hapo ndipo ilipotoka desturi yake. Alipima mita mia mbili kwa kamba ya wavu, na kwa kuwa kamba lazima ifungwe mahali, aliifunga kwenye jiwe la ufukweni. Kwa hiyo mbio zetu zilianzia ndani ziwani na kuishia nchi kavu. Karibu na mwisho alielesha bidoni la njano, lile dumu la mafuta ya kupikia, lililofungwa jiwe chini lisiende na mawimbi. Ukilifikia bidoni unalaza kafi juu ya mapaja na kuuacha mtumbwi uteleze wenyewe. Kocha alikuwa amesimama mbele ya mawe, maji kiunoni. Alipaza sauti, "Laza!" akaupokea mtumbwi kwa mikono miwili na kifua.

Aliupokea kila mara. Siku ya mvua, siku ya baridi, siku aliyokuwa na homa. Kwanza alipitisha kiganja chini ya pua ya mtumbwi, polepole, kutafuta alama. Akishaikosa, ndipo alikuangalia wewe. Wengine walichukia hilo. Mmoja wetu aliwahi kusema kwa sauti kwamba Kocha anapenda plastiki kuliko watu. Kocha alimsikia. Alijibu, "Watu wako sita, mutumbwi uko moja," na mazoezi yakaendelea.

Asiyelaza kafi kwenye bidoni alirudishwa nyumbani siku hiyo. Mimi nilirudishwa mara mbili mwezi wa kwanza. Baadaye sikurudishwa tena kamwe. Nikiona njano, mikono ilishuka yenyewe.

Namna alivyonichagua ilikuwa hivi. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, wafugaji, na vita ilitushusha Goma nikiwa mdogo. Kwetu maji yalikuwa ya kunywesha ng'ombe. Nilikuwa naosha sambaza kwenye mawe, goti moja chini, beseni limeegemea goti la pili, na Kocha alikuwa anaziba mtumbwi hatua kumi kutoka kwangu. Alikaa pale tangu asubuhi. Kuelekea saa sita aliweka nyundo chini.

"Mutoto, hiyo goti haikuumi?"

"Inaniuma."

"Sasa juu ya nini haubadilishi?"

"Nikibadilisha, beseni itamwangika."

Alinitazama kidogo. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kuya hapa," alisema, akachukua nyundo yake. Tangu siku hiyo aliniita Masisi, na wavuvi nao wakapata wimbo mpya. Kila nilipoanguka majini walipiga kelele, "Ng'ombe imeingia mu maji! Mulete kamba!"

Mama hakutaka. Kocha alikuja nyumbani mwenyewe, na suruali ya kahawia, akakaa kwenye kiti akala bugali na sombe ya majani ya muhogo mpaka akamaliza sahani. Mama alimwacha ale. Kisha akamuuliza, "Papa, wewe unajua kuogelea?"

Kocha aliweka sahani chini. Nilidhani hakusikia.

"Hapana," alisema.

Ndugu zangu walicheka. Mama hakucheka. "Watu wanakuya hapa na maneno, kila kitu wanasema ndiyo," alisema. "Huyu amesema hapana. Mupeleke."

Ilikuwa kweli, Kocha hakujua kuogelea. Maisha yake yote kwenye ziwa, na maji yake yaliishia kiunoni. Sisi alitulazimisha kujifunza, wote sita. Alimwomba mvuvi mmoja atufundishe, na wakati wa somo yeye aligeukia mlima, akatupa mgongo, kwa sababu hakuweza kutazama. Mara moja aliteleza kwenye jiwe akaingia penye kina, nasi tukamvuta kwa kola ya shati. Alipotoka alikaa, akakamua mikono ya shati, akasema, "Hii haikufanyika."

"Lakini Kocha..."

"Hamukuona kitu."

Ndiyo mara pekee, kabla ya ile nitakayoieleza, nilipomsikia anakana jambo lililokuwa wazi. Kwa kawaida uongo ulimtoa akilini. Mwenzetu mmoja alikosa mazoezi, akasema alikuwa msibani, kumbe alikuwa mpirani. Kocha alimfukuza mwezi mzima. Mama wa kijana alikuja kuomba, na Kocha akamwambia mbele yetu, "Mama, kama angesema mpira, angelikuwa hapa leo. Lakini kwa maji, mutu akiniambia mutumbwi haina tundu, na iko na tundu, tunakufa wawili." Neno hilo la tundu alilirudia mara nyingi mno. Tuliweza kulisema pamoja naye, na tulilisema, nyuma ya mgongo wake, kwa sauti yake.

Sitamfanya mtakatifu. Alikuwa na hasira ya karibu. Siku moja mvuvi alitega wavu katikati ya njia yetu, na Kocha, badala ya kumwita, alichukua kisu akaukata. Mvuvi alilia kama mtu aliyefiwa. Kesho yake tulimkuta Kocha amekaa kwenye jiwe, wavu magotini, anashona. Alishona kutwa nzima, siku ya pili pia. Hakuomba msamaha, na mwenye wavu hakuuliza. Alikuja tu jioni ya pili, akaupokea, akauvuta hapa na pale kuona fundo, akasema, "Hapa umefunga kama mwanamuke." Kocha akasema, "Fungua mwenyewe." Wakawa marafiki.

Alikataza nyimbo. Wavuvi wa Kivu hupiga kafi kwa wimbo, mmoja anaanza na wengine wanaitika, ndivyo mikono inavyokwenda pamoja. Kocha alisema wimbo unangoja wengine waitike, na sisi hatuna muda wa kungoja mtu. Lakini yeye mwenyewe akipiga msasa tumbo la Sindano aliimba chini chini nyimbo za kanisa za upande wa Bukavu, na wimbo ulipofika mahali pa kuitika alinyamaza akangoja, kisha akaendelea. Hakujua kwamba anafanya hivyo.

Alikuwa na saa ya simu yenye kioo kilichopasuka, na alitupima kwa sehemu za sekunde. Yeye mwenyewe alichelewa misa kila Jumapili.

Salamu yake ilikuwa moja: "Umekula?" Hakuuliza habari. Ukisema hapana, alikutuma ukale kwanza, hata kama zamu ya mwisho ya mazoezi ilikuwa yako. Ukisema umechoka, alijibu, "Ni nani alikuuliza?"

Sasa nifike kwenye mashindano.

Yalikuwa ya kimataifa, nchi za mbali na za karibu, na sisi wa Kituku tulipata nafasi ya mtu mmoja na kocha wake; mtu huyo nikawa mimi. Wakubwa wa mchezo waliotupeleka walimwambia Kocha neno moja mbele yangu: Goma ikiingia fainali, watatafuta mitumbwi miwili mipya kwa ajili ya Kituku. Kocha hakulala kwenye ndege, wala hakuzungumza. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka hiyo mitumbwi miwili.

Maji ya huko hayakuwa ziwa la Mungu. Yalichimbwa na mashine, yamenyooka kama barabara, na kila mtu ana njia yake iliyopangwa maboya madogo meupe pande zote mbili. Mtumbwi tuliazimwa na wenyeji. Ulikuwa mpya kiasi kwamba niliogopa kuushika. Kocha aliukagua nusu siku nzima, kiganja chini, kiganja juu, akatia sahihi karatasi kwamba tutaurudisha kama tulivyoupokea. Alinisomea karatasi hiyo mara mbili.

Siku moja kabla ya mbio, saa kumi za mchana, alinichukua tukatembea kando ya maji mpaka mwisho. Pale karibu na mstari maboya yalibadilika rangi. Meupe yaliisha, yakaanza ya njano. Mstari ulipita katikati ya hayo ya njano, na mbele ya mstari maji yaliendelea tu, mbali, mpaka kwenye majani. Kocha alinishika mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo.

"Angalia ile njano," alisema. "Usiisikilize. Hapa hakuna majiwe. Hakuna mutu ndani ya maji. Unapita, unapita, mpaka usikie mulio yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Rudilia."

Nikarudia yote, neno kwa neno. Akaniachia mkono, tukaenda kula.

Kila mtumbwi ukivuka mstari, mashine hutoa mlio. Katika mbio zangu watatu wa kwanza waliingia fainali. Nilianza vibaya, nikashika katikati, na tulipoacha maboya meupe nilikuwa wa tatu. Nilijua ni wa tatu kwa sababu niliwaona wawili mbele yangu upande wa kulia, na kushoto kulikuwa na kafi moja tu nyuma yangu. Kisha njano ikaanza. Nikalaza kafi juu ya paja.

Si kwamba nilisahau aliyoniambia. Niliyajua. Niliweza kuyarudia wakati ule ule. Mtumbwi uliteleza, mzuri, umenyooka, bila mimi. Nikasikia mlio mmoja, wa pili, wa tatu. Halafu wa nne. Wa nne ulikuwa wangu.

Nilipotoka majini Kocha alikuwa ameshaitwa na wakubwa wetu, na mtumbwi ulitakiwa na wenyeji. Niliurudisha peke yangu. Nilipomaliza, nami nikaitwa. Kilikuwa chumba kidogo chini ya majukwaa, wakubwa watatu wamekaa, Kocha amesimama, mimi nimesimama karibu na mlango.

"Nani alimufundisha kuacha mbele ya mustari?" aliuliza mkubwa wao.

"Ni mimi," alisema Kocha. "Kwetu kuna majiwe."

"Na hapa haukumuambia ni tofauti?"

Tayari walikuwa wamesema, nikiwa nasikia, kwamba mchezaji asiyesikia maelekezo hatasafiri tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kocha alitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya kanisani, alivivaa kwa sababu huko hakuruhusiwa kuingia majini.

"Nilisahau," alisema.

"Ulisahau?"

"Nilisahau kumuambia."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Hayo ndiyo niliyofanya, hakuna zaidi. Wakubwa waliandika. Nje ya chumba nilisimama mbele yake nikingoja aniulize, au anitukane, au hata anipige. Alisema, "Umekula?"

Tuliporudi Goma walimwondoa, wakaleta kocha mwingine, kijana mwenye filimbi. Alikuwa mtu mzuri, lakini hakusimama ndani ya maji. Kocha alirudi kwenye nyundo na pamba yake, hatua kumi kutoka kwenye beseni langu, kama mwanzo. Mitumbwi miwili haikuja. Mimi nilisafiri mara moja tena, nikamaliza karibu na mkia, na sikuitwa tena. Sindano ilipasuka mikononi mwa yule kijana, na Kocha akaenda kuichukua vipande, akaiweka uani kwake, mtaa wa Mapendo, chini ya turubai.

Kituku hakuna siri inayokaa. Juma moja baada ya kurudi, kila mvuvi alijua. Wakamwita Nilisahau. Walimpenda, na walimwita hivyo kwa upendo, kila siku.

"Nilisahau, umekumbuka nyundo?"

"Nilisahau, leo ni siku gani?"

"Mutoto ametoka Goma mpaka kule na ndege, na wewe unasahau kumuambia neno moja! Ungemwandikia ku mukono!"

Yeye aliendelea kupiga pamba ndani ya ufa. Mimi niliendelea kuosha sambaza. Nilisikia yote. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa sababu ya nafasi yangu. Nafasi ilipoisha, nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza muda mrefu, na sikujua mtu anaanzia wapi. Kisha ikaja vita ya mwisho, uwanja wa ndege ukafungwa, na hakuna aliyezungumza tena juu ya mashindano. Lakini jina lile lilibaki.

Kwenye kilio chake nilisema. Walikaa wavuvi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, na mmoja akaanza, kwa wema, kusimulia habari ya Nilisahau, na watu wakacheka kidogo kama wanavyocheka vilioni. Nilisimama nikasema hakusahau, alinambia, nami nilisikia, na chumbani nilinyamaza. Yule mwenye wavu, aliyekuwa rafiki yake, alisema, "Kaa chini, mutoto." Nikakaa.

Lakini yeye mwenyewe nilikuwa nimeshamwambia, na hapo ndipo ninataka kuishia.

Ilikuwa mchana, majuma matatu kabla ya kifo chake. Miguu ilikuwa imevimba, haingii tena kwenye viatu, na aliacha kuja Kituku. Nilimpelekea sambaza kavu, kikombe kimoja. Mke wake alinifungulia, akanipeleka uani. Kocha alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na turubai la Sindano, amevaa suruali ya kijivu, imepigwa pasi, na alama ya maji bado ipo.

"Umekula?"

"Nimekula, Kocha."

Mke wake alikwenda upande wa pili wa ua kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, ili anichemshie chai. Kocha alimwangalia mpaka alipoinama kupuliza makaa.

"Masisi, nikuulize kitu. Usinipendeze."

"Uliza."

"Ile siku ya kule. Nilikuambia, ao sikukuambia?"

Nilidhani ananipima. Nilidhani siku ya kuhukumiwa imefika, nikashusha macho. Nilipoyainua niliona kwamba hanipimi. Alikuwa ananiuliza kama mtu anavyouliza njia.

"Nimesema nilisahau mara mingi," alisema. "Kwa wale wakubwa, kwa wavuvi, kwa Mama huyu. Kila siku nasema. Sasa mimi mwenyewe naona kama nilisahau kweli. Natafuta ile saa, naikosa. Naona majani, naona maji. Sijioni nikisema. Mutu wa kazi yangu, anasahau kitu kama ile? Basi mi sikuwa kocha."

"Ulinambia."

"Usinipendeze, nimesema."

"Ulinambia, Kocha. Saa kumi mchana. Tulitembea mpaka mwisho. Ulinishika mukono."

"Mukono gani?"

Nikauinua. "Huu."

"Wa kushoto."

"Wa kushoto. Ulisema, angalia ile njano, usiisikilize. Hapa hakuna majiwe. Hakuna mutu ndani ya maji. Unapita, unapita, mpaka usikie mulio yako. Ukasema rudilia, na nikarudilia."

Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu kuanzia neno la majiwe. Aliegemea kiti.

"Mama!" aliita. "Acha mbabula. Kuya hapa."

"Nini tena? Chai haijachemka."

"Kuya usikie. Masisi, rudilia."

Nikasimama, nikarudia yote mbele ya mke wake, na nikaongeza kwamba chumbani, alipoulizwa, nilikuwa mlangoni na nilinyamaza. Mke wake alisikiliza na kipepeo cha kupulizia moto mkononi.

"Kwa hiyo haukusahau," alimwambia mumewe.

"Sikusahau."

"Na mimi miaka yote nakutuma soko na karatasi!" Alianza kucheka, akashika mdomo kwa kile kipepeo, kisha hakucheka tena. Alinitazama mimi, muda, bila hasira na bila kunisaidia. "Utawaambia na wale wa Kituku," alisema.

"Nitawaambia, Mama."

Akarudi kwenye makaa yake. Kocha alikuwa ananyoosha mstari wa pasi juu ya paja kwa kidole, kutoka kiunoni mpaka kwenye goti.

"Sasa juu ya nini ulilaza?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja miaka yote, na nilikuwa nimejitengenezea majibu mengi. Nilimpa lile la kweli.

"Nilikuwa nawaza mutumbwi ni wa watu. Ulitia sahihi. Nikaona njano, nikaogopa kuivunja ile mutumbwi."

"Kuivunja na nini?"

"Na majiwe."

"Yenye haikuwa."

"Yenye haikuwa."

Huko nyuma makaa yalianza kushika. Kocha aliweka mkono juu ya turubai, mahali palipokuwa pua ya Sindano, akaupitisha chini yake polepole.

"Na ile mutumbwi yao," alisema, "ilirudi muzima?"

"Ilirudi muzima, Kocha. Niliipangusa mwenyewe."

"Haina hata alama?"

"Haina hata alama."

Akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaniangalia.